Daftari la Wiki: Viwanja vya Kigali

Jioni ya mechi pale Remera, pikipiki za abiria zikiwa zimejipanga kando ya barabara na kila dereva akingoja kurudishiwa kofia yake ya kinga, mashabiki wa Rayon Sports katika buluu yao na wa APR katika weusi na weupe huelekea Uwanja wa Amahoro, ambao tangu kufunguliwa upya tarehe 1 Julai 2024 una viti 45,000, vyote chini ya paa. Adhama yake haina shaka, nami naifurahia.

Ila wausifuo aghalabu huanzia kwenye paa. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, maelfu ya raia, wengi wao Watutsi, walikimbilia humo chini ya himaya ya askari wa Umoja wa Mataifa, wakalala majukwaani na chini yake, wakiwa hawana chakula wala maji ya kutosha, na makombora yakawaua baadhi yao mumo humo. Na tarehe 21 ya mwezi huo, hali wangali wamo, Baraza la Usalama likakata shauri kwamba jeshi lile lipunguzwe hadi watu 270. Wale waliobaki na Jenerali Dallaire, kamanda wao, Waghana wakiwa wengi, nawapa taadhima isiyo na kipimo.

Wapo wasemao kwamba palipoliliwa hapafai kushangiliwa. Siafikiani nao. Mwaka 2014, katika kumbukumbu ya miaka 20, manusura walizidiwa na uchungu majukwaani humo hata wakabebwa na wahudumu, na miezi michache baadaye mpira ukachezwa tena, wala marehemu hawakuvunjiwa hishima. Kinachoniuma ni kijana kukata tiketi asijue ni nani waliokaa pale kabla yake. Natamani ligi inaporejea baada ya juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari, mtangazaji amweleze kabla ya kipenga cha kwanza.

*

Nyamirambo, mtaa wa misikiti ambako Kiswahili husikika barazani kuliko popote Kigali, una uwanja wake, uliopewa jina la Pelé Machi 2023, FIFA ilipokutana mjini. Ni mdogo kuliko Amahoro, na beki husikia kila neno analotukanwa. Kwa mechi za kawaida za ligi, mimi nauchagua huo.