Daftari Lisilofutika



Wiki hii tumependa kulieleza jambo linalotajwa mno na kueleweka kidogo: teknolojia iitwayo blokucheni. Wengi hulisikia jina hili pamoja na sarafu za mtandaoni, wakadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Blokucheni ni daftari. Sarafu ni mojawapo tu ya mambo yanayoweza kuandikwa humo.

Tuchukue mfano wa daftari la chama cha akina mama. Likiwa mikononi mwa mweka hazina peke yake, ukurasa waweza kuchanwa na hesabu kubadilishwa. Sasa tujaalie kila mwanachama ana nakala yake, na kila malipo huandikwa katika nakala zote. Tena kila ukurasa una muhuri unaotokana na yale yaliyoandikwa humo, nao ukurasa unaofuata hubeba muhuri wa ule uliotangulia. Atakayegeuza tarakimu moja ya mwaka jana atauharibu muhuri wa ukurasa huo, na kurasa zote za baadaye hazitaoana tena. Nakala za wenziwe zitamfichua. Ndivyo blokucheni ifanyavyo kazi, ila nakala hukaa katika kompyuta nyingi na mihuri hupatikana kwa hesabu.

Wazo hili halikuanza na fedha. Mwaka 1991 wataalamu wawili, Stuart Haber na Scott Stornetta, walieleza namna ya kuzuia tarehe za hati zisighushiwe kwa kuziunganisha kwa mihuri ya aina hiyo. Bitcoin ilianza kutumika mwaka 2009.

Matumizi yake yameufikia hata mfuko wa unga. Mwaka 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliupeleka mfumo huu katika kambi ya Azraq nchini Jordan, walikokuwa wakiishi wakimbizi wa Syria. Mama alichagua chakula dukani, kisha alitazama kamera iliyoitambua mboni ya jicho lake. Bei ilikatwa katika fungu lake na kuandikwa daftarini. Hakuhitaji kadi wala noti, na shirika lilipunguza ada lililokuwa likizilipa benki.

Hata hivyo, tusilipe daftari sifa isiyo yake. Linazuia kilichoandikwa kisigeuzwe. Halijui kama ni kweli. Ikiandikwa kuwa mjane amepokea mifuko miwili naye amepewa mmoja, dhuluma hiyo ndiyo itakayohifadhiwa. Uaminifu wa mwandishi haujapata mbadala.

Kwa hiyo, akija mtu kwenye chama chenu na ahadi ya faida ya haraka kwa jina la blokucheni, muulizeni: ni nani anayeandika? Nakala ziko kwa nani? Faida yenyewe inatokana na biashara gani? Asipokuwa na jawabu lililo wazi, akiba ya wanawenu na ibaki ilipo.