Tununue Maneno Kwanza, Ngurumo Baadaye



Kidato cha Sita cha mwaka huu kimekusanya shilingi 700,000 ili kuiachia shule zawadi, kama ilivyo desturi. Tumekwisha kukubaliana kwamba zawadi hiyo iwe vyombo vya sauti kwa chumba cha mapumziko, ambamo kila Jumamosi usiku twatazama sinema katika televisheni. Sauti ya televisheni hiyo ni nyembamba, tena yatoka nyuma ya kioo ikielekea ukutani. Walioketi nyuma huona midomo ikicheza tu. Hapo hapana ubishi.

Ubishi uko katika kuchagua. Wengi wanataka seti ya sinema ya nyumbani iliyo katika boksi moja: spika ndogo tano, na sabufa kubwa yenye taa za rangi. Bei yake ni 690,000. Wachache, nami nimo, twataka spika mbili tu zilizo njema pamoja na amplifaya ya kweli, na sabufa ingoje. Naomba nafasi nieleze kwa nini.

Kwanza tujiulize, tunanunua nini? Sikio la kijana mzima husikia mitetemo tangu 20 hivi hata 20,000 kwa sekunde. Katika sinema, njia iliyotengwa kwa ajili ya sabufa hubeba mitetemo isiyozidi 120: ngurumo, mizinga, kishindo cha nyumba ianguk­apo. Sasa chukueni maneno mawili ya Kiswahili, “amefika” na “ameshika”. Tofauti yake ni f na sh tu, na sauti hizo zina nguvu yake kubwa katika mitetemo 2,000 na kupanda juu. Hakuna sabufa duniani, hata iwe kubwa kama pipa, iwezayo kutujulisha kama mgeni amefika au ameshika. Kazi hiyo ni ya zile spika nyingine. Na katika boksi lile hizo ndizo zilizofanywa kwa ubahili, vikopo vya plastiki visivyozidi kiganja cha mtoto.

Jambo hili si dogo kwetu. Wengi wetu hapa Uganda hatukukipata Kiswahili kwa mama zetu. Twakipata darasani, na baada ya darasa twakipata kwa masikio. Tangu mwaka 2005 Katiba yetu inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na kila mwaka wako miongoni mwetu wanaokifanyia mtihani. Sinema ya Kiswahili ya Jumamosi ni mwalimu wa bure. Je, tumnunulie mwalimu huyo sauti, au tumnunulie ngoma ya kumfunika sauti?

Pili, tusidanganyike na hesabu za boksi. Juu ya boksi lile imeandikwa wati 12,000. Mwanafunzi yeyote wa fizikia na afanye hesabu. Tundu letu la umeme hutoa ampea 13 kwa volti 240, yaani wati 3,120, basi. Chombo kitapata wapi hizo nyingine karibu 9,000? Geuzeni chombo chenyewe mtazame kibandiko kilicho nyuma, pale penye hesabu ya umeme unaoingia. Nilipogeuza, nilisoma wati 80. Chombo kinacholakiwa wati 80 hakiwezi kutoa 12,000, wala 80 kamili hakitoi, maana nyingine hupotea kuwa joto. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Siku hizi debe hilo huandikwa na wati.

Tena wati nyingi hazina faida mnayoidhani. Ukiongeza wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, na sikio huona ni nyongeza ndogo. Spika njema yenye desibeli 90 kwa wati moja, ukisimama mita moja mbele yake, kwa wati hiyo moja itakupigia kelele kuliko watu wanaozungumza, ambao sauti yao ni kama desibeli 60. Kwa chumba chenye hatua nane kwa sita, wati 30 za kweli zatosha na kusaza.

Tatu, iko kanuni ambayo watengenezaji wa spika huiita kanuni ya chuma. Huhesabiwa kuwa ya J. Anton Hofmann wa Marekani, mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya KLH mwaka 1957. Yasema hivi: kuna mambo matatu ambayo kila mtu ayataka katika spika, nayo ni sanduku dogo, sauti nzito ya chini kabisa, na kuvuma sana kwa umeme kidogo. Chagua mawili, la tatu hulipati. Basi mtu akikuuzia yote matatu kwa bei ya chini, jua amekuuzia taa za rangi.

Nne, tuwakumbuke majirani. Wimbi la mitetemo 40 lina urefu wa mita 8 na nusu. Wimbi la mitetemo 4,000 lina sentimita 8 na nusu. Hili dogo huzuiwa na mlango na pazia. Lile kubwa hupita kuta kama hazipo. Nyuma ya chumba chetu cha mapumziko kuna chumba cha wagonjwa. Mwenye malaria aliyelala pale hatasikia hadithi ya sinema. Atasikia kishindo tu, pigo baada ya pigo, hata saa nne za usiku. Mwaka 1974 sinema ya Kimarekani iitwayo Earthquake ilionyeshwa kwa spika za ngurumo zilizofanywa makusudi, na katika jumba moja la Hollywood ilibidi kufunga wavu chini ya dari ili plasta isiwaangukie watazamaji. Sisi hatuna wavu, na paa letu ni la mabati.

Najua watakayojibu wenzangu. Watasema, “Sinema bila kishindo ni chai bila sukari.” Kweli, ngurumo zina utamu wake, nami sizichukii. Lakini mtu hununua majani ya chai kabla ya sukari. Spika mbili za mbao zenye koni ya inchi 6 zitatupa ngoma na besi ya kwaya kwa kiasi cha kuridhisha. Zitakachopunguza ni ule mtikisiko wa chini kabisa. Sabufa yaweza kuongezwa mwaka ujao bila kutupa chochote. Seti ya boksi, sehemu moja ikifa, mara nyingi hufa yote.

Watasema tena kwamba seti ile ina spika ya katikati, ambayo katika sinema ndiyo ibebayo maneno mengi. Hoja hii ni nzuri, nami naiheshimu. Lakini tangu mwaka 1931, Mwingereza Alan Blumlein alipoandikisha uvumbuzi wake wa sauti ya pande mbili, imejulikana kwamba spika mbili zilizo sawa humfanya msikilizaji aliye katikati asikie sauti kati yake, mahali pasipo na kitu. Aliyeketi pembeni ataisikia sauti ikielekea upande wake, lakini maneno atayapata. Tena tukiziweka spika karibu kidogo na televisheni, na viti tukivipanga kati, wa pembeni watakuwa wachache.

Basi fedha zetu zitumike hivi. Fundi mmoja wa mjini ana jozi ya spika za mbao zilizotumika, zi nzima, kwa 380,000, na amplifaya kwa 220,000. Jumla ni 600,000. Zabaki 100,000 za kununua waya na mikeka. Msicheke mikeka. Chumba chetu kina sakafu ya saruji na kuta tupu, kila neno hujigonga mara kadhaa kabla ya kufika sikioni. Mikeka, pazia zito na blanketi kuukuu ukutani huleta maneno kuliko spika ya tatu. Waya ufungwe mwekundu kwa nyekundu na mweusi kwa nyeusi katika spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, sauti nzito za pande mbili huuana. Spika ziwekwe urefu wa masikio ya aliyeketi, si juu ya kabati.

Na siku sabufa itakapokuja, isiwekwe pembeni kwa sababu tu pana nafasi. Iko njia ya kuchekesha lakini ya kweli: iweke sabufa mahali pa kiti, piga muziki, kisha tambaa kwa magoti kandokando ya kuta ukisikiliza. Pale besi isikikapo safi, bila kuvimba wala kupotea, ndipo pake.

Mwisho nina shauri kwa kamati, lisilohitaji mtu kuniamini mimi. Tuazime seti zote mbili kwa jioni moja. Wauzaji wote wawili wamekubali. Tuketi viti vya nyuma, wanafunzi ishirini, kila mmoja na kalamu. Tuisikilize taarifa ya habari ya Kiswahili katika seti ya kwanza, tuandike imla. Tubadilishe seti, tuandike imla nyingine. Kisha mwalimu asahihishe bila kujua karatasi zipi ni za seti ipi. Itakayotupa makosa machache ndiyo tununue. Kama ni ile ya boksi, mimi mwenyewe nitaibeba toka mjini.

Nanyi kaka zetu mliokwisha kuondoka shuleni, baadhi yenu mmeandika kwamba mtaongeza fedha juu ya zetu. Twawashukuru. Twawaomba mlio Marekani na Kanada msitume amplifaya ya huko kabla ya kutazama nyuma yake: nyingi ni za volti 120, nazo tundu letu la 240 huziunguza siku ya kwanza. Tena mkiuliza mchango wenu ufanye nini, msitake jina lenu liandikwe juu ya kilicho kikubwa kuliko vyote chumbani. Takeni mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyeketi kiti cha mwisho asikie kila neno.