Bei nusu, lakini hasara ni ya nani?

Jumapili iliyopita nilitembelewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesomea biashara katika chuo kikuu. Hakuja mikono mitupu. Alileta mkate, na ndani ya mkoba alikuwa na fomu ya mkopo. Yeye na wenzake watatu wanataka kuanzisha kampuni ya kuuza ofa za kila siku kwenye intaneti, na kilichobaki, alisema, ni sahihi ya mdhamini.

"Mjomba, ukitia sahihi tu, tumefika."

Wewe ungefanyaje? Mwanachama yeyote wa chama cha akiba na mikopo anajua kwamba mkopaji akishindwa kulipa, mdhamini ndiye anayekatwa. Nilimwambia aniachie fomu, kisha nikamsimulia habari za Chicago.

Kwa wasioijua, biashara hii huenda hivi. Kampuni humwendea mwenye mkahawa au saluni ikamwomba apunguze bei kwa nusu au zaidi kwa siku moja au mbili. Ofa hiyo hupelekewa maelfu ya watu kwa barua-pepe. Wanaoipenda hulipa mapema na kupewa vocha, kisha kampuni na mwenye duka hugawana pesa. Baadhi yetu tunaikumbuka Rupu, iliyokuwa ikiuza ofa za namna hiyo hapa Nairobi mnamo 2012 hivi.

Lakini walioivumisha biashara hii duniani ni Groupon. Walianza mjini Chicago Novemba 2008, wakiongozwa na kijana Andrew Mason, na ofa yao ya kwanza ilikuwa piza mbili kwa bei ya moja katika baa iliyokuwa kwenye jengo la ofisi yao. Mwishoni mwa 2010 Google ilitaka kuwanunua kwa takriban dola bilioni 6. Wakakataa! Novemba 2011 hisa zao ziliuzwa kwa umma kwa dola 20 kila moja, na kampuni ikathaminiwa karibu dola bilioni 13. Mwaka mmoja baadaye hisa hiyo hiyo haikufika hata dola 3. Februari 2013 Mason akafutwa kazi, naye hakuona haya kuwaandikia wafanyakazi wake kwamba amefutwa. LivingSocial, mpinzani wao mkubwa aliyetiliwa dola milioni 175 na Amazon mwaka wa 2010, aliishia kumezwa na Groupon mwaka wa 2016.

Mpwa wangu akauliza, "Sasa kosa lilikuwa wapi?"

Kwanza, hesabu. Groupon ilikuwa ikiandika kila dola ya mteja kama mapato yake, hata sehemu iliyokuwa ya mwenye duka. Wakuu wa soko la hisa walipoihoji, mapato ya 2010 yalishuka kutoka dola milioni 713 hadi milioni 313. Ni kama wakala wa nyumba anayehesabu kodi yote ya ploti kuwa mshahara wake.

Hayo ni madogo. Donda lenyewe liko kwa mwenye duka. Mwaka wa 2011, mwoka keki mmoja karibu na mji wa Reading, Uingereza, alitoa ofa ya vikeki 12 kwa pauni 6.50 badala ya 26. Hakuweka kikomo. Wakajiandikisha watu 8,500! Ilimbidi aoke vikeki 102,000 na kuajiri vibarua 25, huku kila dazani ikimtia hasara ya pauni mbili na ushei. Pauni 12,500 zikateketea, yaani faida yake ya mwaka mzima.

Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Chukua msusi anayetoza shilingi 2,000. Kwa ofa anatoza 1,000, na kampuni ikichukua nusu kama walivyozoea Groupon, anabaki na 500. Humo atoe nywele za kusukia, ujira wa msaidizi, stima na kodi. Anavumilia akitumaini kwamba mteja atarudi kwa bei kamili. Lakini mwindaji wa ofa harudi. Wiki ijayo yuko saluni nyingine yenye ofa nyingine. Sisemi kwa ubaya, hata mimi nimewahi kula nyama kwa bei nusu na nisikanyage tena mlango ule.

Basi msusi akiisha kuumia mara moja hatoi ofa ya pili. Kampuni inalazimika kusaka maduka mapya kila uchao, na kulipa mawakala na matangazo kabla haijapata senti. Groupon ingalipo hadi leo, lakini imepungua mno ikilinganishwa na ile ya 2011.

Nikaupekua mpango wa mpwa wangu. Wateja walikuwa wamehesabiwa hadi mwaka wa tatu. Hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu wenye maduka wangapi watakaorudi mara ya pili. Nikamtuma kwa mama mwenye saluni mtaani kwetu akamwulize tu kama angetoa ofa.

Ijumaa alirudi, safari hii bila mkate. Mama yule alimwambia kwamba Jumamosi na mwisho wa mwezi hataki kusikia habari za ofa, kwa kuwa wateja wenyewe wanapiga foleni. Jumanne asubuhi, hata hivyo, viti vyake vinne hukaa vitupu na kodi ni ile ile. Kwa viti hivyo angekubali nusu bei, mradi wateja wasizidi kumi na alipwe siku hiyo hiyo.

"Kwa hivyo tunauza viti vitupu, Mjomba?"

"Hilo mwulize mwenye viti."

Wamerudi kuuandika mpango upya, wakianzia na Jumanne asubuhi. Fomu ingali kabatini kwangu, haina sahihi.