Intaneti Mpaka Banda la Uani

Siku hizi si ajabu kuingia nyumba ya kijijini na kukuta ruta juu ya kabati la vyombo, ikimetameta taa zake. Laini ya simu imo ndani yake, na sebuleni watu wanapata waifai ya kutosha. Lakini nyumba zetu si sebule peke yake. Uani kuna banda ambako mama ameweka cherehani, au vijana wanalala na kusoma huko, au baba ana karakana yake. Kazi iko uani, na huko ndiko intaneti haifiki.

Mama mmoja fundi wa nguo, banda lake liko hatua arobaini kutoka nyumbani, aliniuliza afanye nini. Wateja humpelekea picha za mishono kwa simu, naye kila mara huacha cherehani akaenda kusimama kibarazani ili picha ifunguke. Dukani ameambiwa anunue kile kidude kinachochomekwa ukutani, kinachosemwa kuwa huongeza mawimbi. Nilimwambia angoje kwanza.

Mawimbi ya waifai ni ndugu wa mwanga. Ukuta wa matofali huyapunguza, na ukiwa umelowa mvua huyapunguza zaidi. Bati huyarudisha nyuma kabisa. Banda lenye kuta za bati ni sanduku lililofungwa, hata likiwa karibu namna gani. Tena ruta nyingi zina mawimbi ya namna mbili: yale ya 2.4 yaenda mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, na yale ya 5 yana mbio lakini huchoka upesi. Basi kabla ya kutoa hata senti moja, itoe ruta kabatini, iweke juu dirishani upande wa uani, kisha simu yako ichague mtandao wa 2.4. Wengine tatizo lao huishia hapo. Na kama simu inafanya kazi vizuri mlangoni pa banda ikafa mara uingiapo ndani, umekwisha kumjua mkosaji: ni ukuta.

Sasa kile kidude. Kazi yake ni kurudia kile inachosikia. Watu hukiweka bandani, mahali pale pale ambapo hakuna cha kusikia. Nacho kwa uaminifu hurudia kimya. Yafaa kiwekwe katikati, tuseme dirisha la nyuma la nyumba. Hata hapo, vile vya bei nafuu hupokea na kutuma kwa wimbi lile lile, hivyo mbio ya intaneti hupungua karibu nusu. Kwa kutazama ujumbe chatosha. Kwa mtoto anayefuata masomo ya picha hakitoshi.

Njia ya kuaminika ni waya uliofukiwa. Waya wa mtandao, ule wenye nyuzi nane ndani, huchukua intaneti hadi mita 100 bila kudhoofika, na uani kwetu ni nani mwenye mita 100? Bandani huwekwa ruta ya pili ya kusambaza mawimbi humo ndani. Ruta ya zamani yaweza kutumika, ila fundi aizime ile kazi yake ya kugawa anwani, na waya auchomeke katika tundu mojawapo la kawaida, zisije ruta mbili zikagombania umeneja wa nyumba moja.

Lakini hapa nawaomba msome polepole, maana mafundi wengi hawalisemi jambo hili. Waya huo ni wa shaba, na shaba hupitisha radi. Radi si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga mwembe wa jirani, umeme hutawanyika ardhini, na ardhi ya chini ya nyumba yaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa na ile ya chini ya banda, kwa kitambo kidogo tu. Ukiwa umeziunganisha kwa shaba, umeme huo hupita humo, ukaunguza ruta zote mbili, na aliyeshika kompyuta iliyochomekwa yumo hatarini. Nasi tunaishi katika nchi za radi. Katika uchunguzi wa setilaiti uliotolewa mwaka 2016, mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi, na pa kwanza katika Afrika, palikuwa Kabare, karibu na Ziwa Kivu huko Kongo. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria hawahitaji setilaiti kuwaambia.

Dawa yake ni uzi wa kioo, ndugu mdogo wa ule mkongo upitao baharini. Charles Kao ndiye aliyeonyesha mwaka 1966, alipokuwa akifanya kazi Uingereza, kwamba kioo kilichosafishwa barabara chaweza kupeleka habari kwa mwanga hadi mbali sana; akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kioo hakipitishi umeme. Utahitaji visanduku viwili, kimoja kila upande, vya kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Nunua uzi uliokwisha kutiwa vichwa vyake kiwandani, usioukunja kwa nguvu, wala usichungulie ndani yake ukiwa umewashwa. Na uliza kama una waya wa chuma ndani yake wa kuutia nguvu. Ukiwa nao, ukatae, maana utakuwa umeufungulia radi mlango ule ule ulioufunga. Mtu atasema: mbona banda lina umeme kutoka nyumbani, na waya wake ni shaba vile vile? Ni kweli, njia hiyo ipo; ndiyo sababu mawingu yakikusanyika chomoa vyombo. Lakini ya nini kuongeza njia ya pili?

Palipo na mwamba au barabara katikati, zipo antena mbili ndogo za kutazamana, moja kwa kila jengo. Hufanya kazi vizuri mradi zionane. Mgomba ukikua katikati yake, kazi imeharibika.

Wazazi wenye vijana bandani watauliza habari ya usiku. Kile kisanduku cha upande wa nyumbani kiwe chumbani kwenu. Mkikichomoa saa nne, ruta ya bandani haina tena cha kusambaza, na hakuna haja ya kugombana na mtu mlangoni.

Mtaro uwe wa futi moja na nusu au zaidi, mbali kidogo na waya wa umeme, na uzi upitishwe ndani ya bomba la plastiki. Jembe halioni, na fuko hutafuna kila kinachomzuia. Vichwa vya bomba vizibwe, maji na siafu visiingie. Pamoja na uzi pitisha kamba ya nailoni, uiache humo humo ndani ya bomba. Siku uzi utakapokatika, utavuta mwingine kwa kamba hiyo bila kuchimba tena.