Mtaalamu Hapimwi kwa Hesabu ya Kutajwa

Siku hizi mtafiti wa jeni na saratani akizungumzwa, swali la kwanza si amegundua nini, bali ameandika makala ngapi, na makala hizo zimetajwa mara ngapi katika maandishi ya wenzake. Kwa hesabu hiyo watu hupandishwa vyeo na fedha za utafiti hugawanywa. Askari na polisi wanaosoma ukurasa huu wanaujua ugonjwa huo: katika kila kituo yupo mtu ambaye taarifa zake ni nyingi kuliko doria zake.

Kipimo kinachopendwa zaidi kilitungwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California. Mwenye makala 10, kila moja ikiwa imetajwa si chini ya mara 10, hupata alama 10. Mwenye makala moja tu, hata ikitajwa mara 1,000, hupata alama 1.

Na tuutazame mfano wa hapa hapa Kampala. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyepoteza jicho moja utotoni, alitumikia kikosi cha matabibu cha jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, kisha akaja Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Haukupita muda akamwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Akapekua majalada ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Makala hiyo ilipita karibu kimya. Angalipimwa siku zile kwa kipimo cha leo, angalionekana si kitu.

Hakungoja kusifiwa. Alituma picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, na Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, wakashika njia ya kusini kwa gari lililokwisha tumika, la pauni 250. Walisafiri wiki kumi, maili zipatazo 10,000. Kila hospitali waliuliza swali lile lile, na jibu la kwamba ugonjwa haupo waliliandika kwa uangalifu ule ule wa jibu la kwamba upo. Ramani ikaonyesha kuwa uvimbe huo hupatikana penye joto na mvua, na ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Ofisa yeyote aliyefunzwa upelelezi wa ardhi ataitambua kazi hiyo.

Mapema mwaka huo huo Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwake kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 1982 wataalamu wa jeni wakaonyesha kwamba katika saratani hiyo kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC ikafika mahali inapoamrishwa kufanya kazi bila kupumzika.

Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina la Burkitt, na wengi hulitaja jina bila kuitaja makala ya 1958. Hesabu imempoteza mtu kwa sababu amefaulu mno! Kwa upande mwingine, mwaka 2020 kazi kubwa juu ya jenomu 2,658 za saratani ilichapishwa na wataalamu zaidi ya 1,300. Makala moja yenye majina mengi humwongezea kila mmoja hesabu, awe alibeba mzigo mzito au mwepesi.

Hatusemi hesabu zitupwe, maana mtu asiyeandika kamwe naye ana la kujibu. Tunasema kamati zinazogawa fedha zisome makala zenyewe, na ziulize takwimu zilitoka wodi gani na ziliandikwa na nani. Rejista ya saratani ya Kampala ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na, ingawa kazi yake iliwahi kukatika, ingali inaandikwa. Karani anayeijaza hana hata alama moja katika kipimo cha Hirsch.