Kibubu cha mwanangu kilinidai

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi nilipanga foleni benki nikiwa nimebeba kindoo cha rangi cha lita 4, kile chenye mfuniko na mkono wa waya. Mbele yangu walikuwepo watu zaidi ya 20, wengi wakiwa wamefuata mishahara. Mlinzi wa mlangoni alitaka kujua nimebeba nini. Nikafungua, akachungulia, akacheka: "Mama, leo umewaletea kazi."

Ndani ya ndoo zilikuwa sarafu tupu. Ni za binti yangu wa darasa la nne, alizokuwa akitumbukiza kwenye kibubu cha mbao kwa miaka miwili. Alhamisi usiku tulikipasua, nikamimina kila kilichokuwemo kwenye ndoo, asubuhi nikaenda nazo kumwekea kwenye akaunti yake ya mtoto.

Nilifika dirishani baada ya zaidi ya saa nzima. Karani, kijana mpole tu, aliitazama ndoo, akaitazama foleni nyuma yangu, akaniuliza maswali mawili. "Mama, zimehesabiwa? Zimetenganishwa?"

Jibu la yote mawili lilikuwa hapana.

"Basi mama yangu nisaidie. Kazitenganishe, uzihesabu, uje katikati ya wiki asubuhi. Nitakupokea."

Nilitoka nimenuna. Nikajisemea moyoni, fedha si fedha? Leo namshukuru kijana yule. Asingenirudisha nyumbani, nisingezihesabu. Na nisingezihesabu, nisingejua kwamba mtu wa kwanza kudokoa kibubu cha mwanangu nilikuwa mimi.

Mkekani

Jumamosi baada ya chai tulitandika mkeka sebuleni. Binti yangu hazijui sarafu kwa namba, anazijua kwa wanyama. Ya 50 anaiita ya kifaru, ya 100 ya swala, ya 200 ya simba, ya 500 ya nyati. Alitenga mafungu manne, kisha tukapanga vijimnara vya sarafu kumi kumi.

Kazi hii ilitula saa mbili, na sijutii hata dakika moja. Mtoto aliyekuwa akilia na jedwali la kuzidisha alikuwa anasema mwenyewe: nyati kumi ni 5,000, simba kumi ni 2,000, swala kumi ni 1,000, kifaru kumi ni 500.

Tulipata za nyati 148, za simba 391, za swala 427 na za kifaru 126. Jumla sarafu 1,092, sawa na Sh201,200. Tulipozipeleka kwenye mizani ya duka la jirani zilizidi kilo 9. Huo ni uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Hapo nikaelewa kwa nini mkono uliniuma kwenye foleni, na kwa nini karani aliogopa.

Kulikuwa pia na noti tatu za 500 alizopewa na bibi yake, zilizofungwa kwenye pindo la khanga miaka mingi kabla ya kumfikia mjukuu. Nitazirudia baadaye.

Ndipo binti yangu akaenda chumbani akarudi na daftari.

Sikujua kama lipo. Lilikuwa daftari dogo la kurasa 40, na ndani yake aliandika kila alichotumbukiza: chenji ya dukani aliyoruhusiwa kubaki nayo, sikukuu ya Idi kwa shangazi, zawadi ya kushika nafasi ya tano. Mwisho wa kila ukurasa kuna jumla. Jumla ya mwisho ilikuwa Sh226,700.

Alitoa za mkekani na za bibi, akabaki na pengo la Sh24,000. Akahesabu tena. Likabaki lilelile. Akainamisha kichwa, akaniambia kwa sauti ndogo: "Mama, labda mimi ndiye nilikosea kuandika."

Mzazi mwenzangu, neno lile lilinichoma kuliko kama angenituhumu. Mtoto alikuwa tayari kulikana daftari lake, kazi yake ya miaka miwili, kabla ya kumshuku mama yake.

Hakukosea. Mimi najua njia ya kutoa sarafu kwenye kibubu cha mbao bila kukivunja: unakigeuza, unaingiza kisu cha mezani kwenye tundu, unatikisa taratibu. Nilifanya hivyo asubuhi za nauli, pale nilipokuwa na noti ya 10,000 na konda hana chenji. Nilifanya hivyo siku ya maji ya ndoo, siku ya mkaa wa jioni. Kila mara nilisema nitarudisha. Na kwa kuwa kila mara zilikuwa 500 au 1,000, sikuona kama nimechukua kitu.

Nilimwambia. Nikakadiria, kwa haki, kwamba zangu hazipungui 12,000. Baba yake alikuwa mlangoni anasikiliza. Akakohoa, akasema yeye naye alikuwa akichukua za bodaboda, kama 8,500 hivi. Zilizobaki 3,500 hazikupata mwenyewe, ingawa kaka yake mkubwa alianza ghafla kuchunguza dari.

Binti yangu hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa nini hukuniomba? Ningekupa."

Tunachofundisha bila kusema

Tunawanunulia watoto vibubu ili wajifunze kuweka akiba. Tunawaambia haba na haba hujaza kibaba. Kisha tunakitia mkono kibaba chenyewe usiku.

Najua wengi tunajitetea: nyumba ni moja, chakula anakula humo humo, ada namlipia mimi. Ni kweli. Kuna siku nyumba inakwama na fedha pekee iliyopo ni ya kibubu. Sisemi mtoto alale njaa huku sarafu zinalia ndani ya mbao. Nasema aombwe. Mtoto akiombwa, akakubali, akaandika deni, akalipwa kwa tarehe iliyosemwa, amejifunza jambo kubwa kuliko akiba yenyewe. Amejifunza kwamba neno la mtu mzima lina thamani. Akidokolewa kimyakimya anajifunza kinyume chake: kwamba kuweka ni ujinga, na mwerevu ni anayetumia yake mapema. Mtoto wa namna hiyo akikua, usimshangae akipewa mshahara tarehe 25 ukaisha tarehe 28.

Kosa letu la pili ni kukiacha kibubu kikae miaka miwili. Kibubu ni kituo cha kupita tu. Fedha ikikaa mno ndani ya nyumba inatamanisha, inapata kutu, na wakati mwingine inakufa kabisa.

Hapo ndipo nazirudia noti za bibi. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuziondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya toleo la 2010. Muda wa kuzibadilisha ulianza Januari 6, 2025 na kuisha Aprili 5, 2025. Sarafu hazikuguswa. Lakini noti zile tatu zilikuwa zimelala ndani ya mbao wakati tarehe zinapita, na zilipotoka zilikuwa picha tu. Wewe uliye na kibubu cha zamani, au mama mkwe mwenye mto usiofunguliwa, kaangalie leo kilichomo.

Ukitaka kupeleka sarafu benki

Niwape niliyojifunza kwa kurudishwa, ili nanyi msirudishwe.

Kwanza, uliza kabla ya kubeba. Piga simu tawini au pita ukiwa huna mzigo, uulize wanapokea sarafu siku gani na wanataka zifungweje. Matawi hayafanani. Mengi yana mashine ya kuhesabu noti, lakini sarafu zinahesabiwa kwa vidole. Sh1,000,000 kwa noti za 10,000 ni noti 100, unaishika kwa mkono mmoja. Kwa sarafu za 200 ni sarafu 5,000. Karani anayekunja uso hakuchukii, anawaza foleni.

Pili, epuka mwisho wa mwezi, Ijumaa na Jumatatu. Katikati ya wiki, asubuhi, utapata mtu mwenye nafasi ya kukusikiliza.

Tatu, tenganisha kwa aina, kisha funga mia mia kwenye mifuko midogo inayoonyesha ndani. Mfuko wa sarafu 100 za 500 ni Sh50,000. Za 200 ni 20,000, za 100 ni 10,000, za 50 ni 5,000. Andika kiasi kwenye kikaratasi na ukiweke ndani ya mfuko. Zisizofika mia zifunge peke yake. Zilizopinda, zenye gundi au zilizotobolewa zitenge, zitakuchelewesha.

Nne, jaza hati ya kuweka fedha ukiwa umekaa, ukiorodhesha aina kwa aina. Usiondoke dirishani mpaka karani amalize kuhesabu mbele yako. Hesabu yenu ikitofautiana, ni hapo hapo pa kurekebisha.

Tano, kama bado hujamfungulia mtoto akaunti, fanya safari hiyo kwanza bila sarafu. Kwa kawaida utaombwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako cha taifa na picha. Uliza kiwango cha kuanzia, makato, na masharti ya kutoa.

Na kama benki iko mbali, usisahau kwamba mtaani sarafu zinatafutwa. Mwenye duka, mama wa chapati na muuza maji wanahangaika na chenji kila asubuhi. Wengi watakupa noti kamili kwa sarafu zako na kukushukuru juu. Ukienda kwa wanaouza chenji vituo vya daladala, fahamu kwamba wao wanaishi kwa kukata kidogo. Ukishapata noti, zipeleke kwa wakala wa benki, upewe risiti, na mtoto aione.

Jumatano

Tulirudi benki Jumatano, na safari hii nilikwenda na mwenye mali. Shule ilikuwa imefungwa. Alivaa gauni la sikukuu na alibeba mfuko wa nyati mwenyewe.

Kabla ya kutoka nyumbani tulilipa madeni. Mimi 12,000, baba yake 8,500. Zile 3,500 zisizo na mwenyewe tulichanga nusu kwa nusu, na kaka mtu akapewa kazi ya kuosha vyombo wiki mbili bila kuelezwa sababu. Hakuuliza. Noti za bibi nilizifidia mimi, 1,500, ili jina la bibi lisipotee kwenye daftari.

Kijana yule alikuwepo. Binti yangu akamwamkia, naye akaanza kuhesabu mfuko mmoja mmoja, mtoto amesimama kwa vidole vya miguu ili aone juu ya kaunta. Mzee mmoja nyuma yetu akaanza kuguna. Karani akamwambia kwa adabu, "Mzee, shikamoo, naomba uvumilivu, mteja wangu huyu ni mdogo." Mzee akamtazama mteja, akanyamaza.

Risiti ilitoka: Sh226,700.

Binti yangu aliikunja, akaiweka kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya jumla yake. Namba zilikuwa zilezile. Hakukosea kuandika, na sasa alikuwa na karatasi yenye mhuri inayosema hivyo.

Fundi amemtengenezea kibubu kingine. Tumekubaliana mambo matatu, na ameyaandika yeye. Kinafunguliwa kila likizo, mbele ya wote. Fedha zinakwenda benki wiki hiyo hiyo. Anayetaka kukopa anaomba, anaandikwa, na anataja siku ya kulipa.

Wiki iliyopita nilikwama nauli. Nilimwomba 1,000. Alinitazama, akafungua daftari, akaniuliza: "Utalipa lini?"

Nikasema Ijumaa. Akaandika Ijumaa. Na Ijumaa, ndugu msomaji, nililipa kabla sijavua viatu.

Nenda kageuze kibubu cha mwanao leo, usikilize uzito wake. Kama unajua mna deni humo, mwite umwambie kabla hajafungua daftari. Tukutane wiki ijayo.