Bawabu Naye Asikizwe

Watu wakirudi kwenye tarabu, wa kutajwa ni mwimbaji, mpiga fidla na mpiga dumbaki. Bawabu aliyesimama mlangoni tangu magharibi hadi usiku mkuu hatajwi, ila kwa lawama: kamzuia fulani, kamwachia fulani. Hata hivyo, roho za wote walio ndani zi mikononi mwake.

Jambo hili Waingereza wamelitungia sheria. Sheria hiyo ilipitishwa Aprili 2025, na wengi huiita Sheria ya Martyn, kwa jina la Martyn Hett, mmoja wa watu 22 waliouawa kwa bomu huko Manchester Mei 22, 2017, ngoma ya Ariana Grande ilipokuwa ikimalizika. Mamake, Bibi Figen Murray, aliipigania kwa miaka. Ukumbi utazamiwao kukusanya watu 200 au zaidi utapaswa kuwa na mpango wa kuwanusuru. Wa watu 800 na zaidi utabeba mzigo mkubwa zaidi. Wenye kumbi walipewa angalau miaka miwili wajitayarishe.

Sheria ni njema. Lakini tukitazama yaliyofichuliwa na uchunguzi wa Manchester, twaona kwamba macho hayakukosekana. Mzazi mmoja alimshuku mtu mwenye shanta kubwa, akamwambia kijana wa mlangoni. Kijana yule hakuwa na simu ya upepo, wala hakuruhusiwa kuuacha mlango wake. Akampasha mwenzake, mlinzi wa miaka 18. Huyo alikuwa na simu, akajaribu kuwaita wakubwa, asiwapate. Basi habari ikafia mikononi mwa wadogo.

Mlinzi huyo alisema pia kwamba alichelea kuitwa mbaguzi. Hapa nasi Waislamu twahusika. Wako watakaosema kuwa dawa ni kumshuku kila mwenye kanzu, ndevu au buibui. La, hasha! Bawabu asiyefundishwa hukosea pande mbili: ama humwandama asiye na hatia kwa sababu ya vazi lake, ama humwachia mwovu kwa kuogopa lawama. Aliyefundishwa hutazama kitendo: nani anazungukazunguka bila sababu, nani kajificha, nani kabeba mzigo usiolingana na shughuli.

Wala hatari si bomu peke yake. Desemba 15, 2022, huko Brixton, London, umati uliojazana mlangoni kwenye onyesho la Asake wa Nijeria uliwaua watu wawili. Mmoja wao, Gaby Hutchinson, alikuwa mlinzi kazini.

Je, kwetu? Kenya tunayo sheria ya walinzi wa kibinafsi tangu 2016. Lakini kijana aokotwaye alasiri, akavishwa fulana na kuambiwa "simama hapa", atajuaje mlango wa dharura uko wapi, au kama umefungwa kwa kufuli?

Mwenye ukumbi, na nawe mwenye arusi, ulizeni mambo matatu kabla ya fidla kulia: bawabu amefundishwa? Ana njia ya kumfikia mkubwa wake mara moja? Na akisema "milango ifungwe, watu wametosha", nani atamtii? Kama jawabu la hili la mwisho ni "hakuna", basi mlangoni hamkuweka mlinzi, mmeweka pambo.